Moshi wa Asubuhi: Jinsi ya Kujua Shida ya Gari la Dizeli Kabla ya Kufungua Injini

Vikundi vingi vinavyosoma ukurasa huu vina pikapu ya kikundi. Wengine walichanga miaka mitatu au minne ndipo wakainunua. Hiyo pikapu ndiyo inayopeleka viazi sokoni, ndiyo inayobeba maziwa, na usiku mtu akizidiwa ndiyo inayomfikisha hospitali. Nyingi ni za dizeli, na nyingi zilinunuliwa zikiwa tayari zimetumika na mtu mwingine. Basi siku ikianza kutoa moshi asubuhi, wasiwasi unaingia, na kila mwanachama ana neno lake. Dereva anasema ni baridi tu. Jirani anasema injini imekwisha. Fundi wa kwanza kuitwa anatazama mara moja, anatikisa kichwa, anasema ni ovahoo, tena anataka nusu ya pesa kabla hajashika spana.

Tunajua kikundi kimoja upande wa Ol Kalou ambacho kililipia ovahoo hiyo. Ringi mpya, beringi mpya, gasketi zote mpya. Pikapu ilirudi nyumbani, ikalala nje, na asubuhi ikatoa moshi ule ule. Shida ilikuwa hita plagi mbili zilizokufa. Akiba ya mwaka mzima ilikuwa imekwenda kwa kitu ambacho kingepimwa kwa taa ndogo na waya katika muda wa kunywa chai.

Moshi ni kama homa. Homa yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa taifodi, yaweza kuwa mafua tu, na hakuna anayekubali kupasuliwa tumbo kwa sababu mwili una joto. Hata moshi unapimwa kwanza. Na katika kuupima, watu wengi hutazama rangi peke yake. Rangi inasaidia, lakini muda ndio unaosema zaidi: moshi umeanza wakati gani, na umeisha wakati gani.

Kwa nini asubuhi, na kwa nini huku juu

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Inavuta hewa, inaibana ndani ya silinda mpaka inakuwa moto sana, halafu nozeli inapuliza dizeli kama ukungu mwembamba, na ile dizeli inashika moto yenyewe kwa sababu ya joto la hewa. Ukitaka kuelewa, shika pampu ya baiskeli upande wa chini wakati unajaza gurudumu. Inakuwa moto. Injini hufanya vivyo hivyo, ila kwa nguvu nyingi zaidi: katika pikapu za zamani hewa hubanwa mpaka inabaki kama sehemu moja ya ishirini, na joto lake hupita digrii 500. Njia hii ni ya Rudolf Diesel wa Ujerumani, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka wa 1897, na mafuta yakabaki na jina lake.

Sasa fikiria asubuhi ya baridi. Vyuma vimelala baridi usiku kucha, vinanyang'anya hewa lile joto. Oili imekuwa nzito, betri imelegea, stata inazungusha injini polepole, na hewa inapata nafasi ya kuvuja kando ya ringi kabla haijabanwa sawasawa. Matokeo ni kwamba sehemu ya dizeli haishiki moto. Inatoka kwenye bomba la moshi, yaani ekzosi, ikiwa ukungu mweupe wenye harufu kali.

Sisi wa nyanda za juu tuna shida ya pili. Mahali kama Ol Kalou, Kinangop au Molo ni mita 2,300 na zaidi juu ya bahari, na huko nguvu ya hewa ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Hewa ikiwa nyepesi, hata ikibanwa namna ile ile haipati nguvu ile ile, na dizeli nayo inakosa hewa ya kutosha. Kwa hiyo pikapu iliyokuwa ikiwaka mara moja huko Mombasa yaweza kufukuza kuku uwanjani ikifika Kinangop, na hakuna kilichoharibika njiani.

Ndiyo maana tunasema: moshi mweupe kidogo, ukitoka nusu dakika au dakika moja, ukaisha wenyewe, na injini ikanguruma bila kuruka ruka, si wa kutumia pesa. Uandikeni kwenye kitabu cha gari, mwendelee na kazi.

Asubuhi tatu

Moshi ukizidi hapo, msiite fundi siku hiyo. Tumieni asubuhi tatu. Pikapu ilale usiku mzima bila kuwashwa. Wawepo watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, na katibu awe na daftari na saa. Gari liwe nutro na breki ya mkono imevutwa. Anayetazama asimame kando, upande upepo unakotoka, wala si nyuma ya bomba. Kama kuna mwenye simu ya kupiga picha za video, apige, maana fundi anapokuja saa nne moshi umeshaisha, na maneno ya dereva huongezeka chumvi.

Kabla ya kuwasha, tazameni oili kwa kijiti chake na maji kwenye rejeta. Rejeta hufunguliwa wakati huu tu, injini ikiwa baridi kabisa. Ikiwa moto, maji yatawaruka usoni.

Asubuhi ya kwanza, washeni kama kawaida yenu. Andikeni stata imezunguka sekunde ngapi, moshi wa rangi gani, unanuka nini, injini inanguruma sawa au inamisi, na moshi umeisha baada ya dakika ngapi. Mchana, baada ya gari kufanya kazi, lizimeni kisha mliwashe tena, mwandike hilo pia.

Asubuhi ya pili, kabla ya kupiga stata, washeni hita mara tatu. Yaani funguo iwekwe mahali pa hita mpaka taa yake ya dashibodi izimike, irudishwe, iwekwe tena, halafu mara ya tatu ndipo mpige stata. Kwa pikapu nyingi za zamani ni kuhesabu polepole hadi 15 kila mara.

Asubuhi ya tatu, rudieni kuwasha hita mara moja kama kawaida, lakini kwanza mbonyeze kile kipampu cha mkono kilicho juu ya filta ya dizeli, mpaka kiwe kigumu chini ya kidole.

Mkimaliza mna majibu matatu ya kulinganisha. Kama asubuhi ya pili moshi ulipungua sana, joto la kuanzia ndilo linalokosekana, na shida iko upande wa hita plagi au betri. Kama ya tatu ndiyo ilikuwa nafuu, hewa inaingia kwenye mpira au filta ya dizeli usiku, na dizeli inarudi tangini. Kama hakuna iliyoleta tofauti, basi tunaingia kwenye mambo ya kompresheni, taimingi na nozeli, na hapo fundi anahitajika kweli. Lakini sasa mtamwita mkiwa na daftari mkononi.

Kuna jibu la nne ambalo hushangaza watu. Stata inazunguka na kuzunguka, na kwenye bomba hakutoki moshi hata kidogo. Wengine hufurahi kwamba angalau hakuna moshi. Maana yake ni kwamba dizeli haifiki kwenye silinda kabisa. Tazameni tangi, filta, waya wa kile kizimio cha umeme kwenye pampu, na hewa kwenye mipira. Moshi mweupe angalau unawaambia kwamba dizeli inafika.

Moshi mweupe

Huu ndio unaosumbua vikundi vingi, kwa hiyo tutakaa nao.

Kwanza hakikisheni ni dizeli na si mvuke wa maji. Moshi wa dizeli unauma macho, unanuka mafuta, na unakaa hewani kama ukungu wa bondeni. Mvuke wa maji hauumi, na unapotea mara tu unapopanda. Shikeni karatasi nyeupe au kitambaa safi karibu na mwisho wa bomba kwa muda mfupi. Mafuta yataacha doa lenye harufu. Maji yatalowesha tu na kukauka. Na kila gari hutoa matone ya maji asubuhi ya baridi, hilo si neno.

Ikiwa ni dizeli, anzeni na kile ambacho ni rahisi na cha bei nafuu. Betri iliyochoka hufanya mambo mawili mabaya kwa wakati mmoja: inazungusha injini polepole na inazipa hita plagi umeme mdogo. Vichwa vya betri vikiwa na ule unga mweupe, visafisheni kwa maji ya moto na mvikaze. Betri nzuri iliyopumzika usiku hupima karibu volti 12.6. Mkisikia stata inavuta kwa shida kama mtu anayepanda mlima na gunia, anzeni na betri kabla hamjafikiria kitu kingine.

Halafu hita plagi. Injini ya silinda nne ina nne, moja kwa kila silinda, na kazi yake ni kupasha moto kachumba ambamo dizeli inaanzia kuwaka. Moja ikifa, injini inawaka kwa silinda tatu, inatetemeka, inatoa moshi mweupe dakika mbili tatu, halafu silinda ya nne inapata joto kutoka kwa wenzake na moshi unaisha ghafla. Hiyo ni dalili ya wazi kabisa. Mchana gari hilo linawaka vizuri bila moshi, na ndiyo sababu fundi aliyeitwa mchana hawezi kuona kitu.

Kuzipima ni kazi ya mtu yeyote mwangalifu. Zimeni gari, ondoeni kile kipande cha chuma kinachounganisha plagi zote nne kwa juu. Chukueni taa ndogo ya kupimia ya volti 12, waya mmoja mfunge kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha plagi, moja baada ya nyingine. Taa ikiwaka, waya wa ndani ya plagi haujakatika. Isipowaka, hiyo imekufa. Zote zikiwa nzima lakini hita haifanyi kazi, rudisheni kile chuma, halafu mpime kama umeme unafika hapo funguo ikiwa mahali pa hita. Usipofika, tafuteni fyuzi au rilei.

Mkienda dukani, nendeni na plagi ya zamani mfukoni. Sura yaweza kuwa moja na volti zikawa tofauti. Kuna za volti 6 na kuna za volti 11 au 12, na aliyeweka za volti 6 kwenye gari la umeme wa 12 atazichoma asubuhi ya kwanza. Kuzifungua, ni afadhali injini iwe na joto kidogo, kwa maana zilizokaa miaka hushika na hukatika ndani. Ikitoka, tazameni ncha yake. Iliyovimba au kuyeyuka inaonyesha kwamba nozeli ya silinda hiyo inadondosha dizeli badala ya kuipuliza, na plagi mpya itaungua vile vile kama nozeli haikupelekwa kupimwa.

Swali lingine ambalo ni lazima kamati ijiulize: moshi huu ulianza lini? Ukiwa ulianza siku ile ile gari lilipotoka gereji kubadilishwa ukanda wa taimingi au pampu ya dizeli, hakuna haja ya kuzunguka. Injini nyingi za Toyota Hilux za zamani, kama 2L na 3L, zina ukanda wa mpira unaobadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na ukanda huo ndio unaozungusha hata pampu ya dizeli. Alama zikipita jino moja, dizeli inaingia kwa kuchelewa, inakosa muda wa kuwaka, na moshi mweupe unatoka hata injini ikiwa na joto. Rudisheni gari kwa aliyefanya kazi, mkamwombe alinganishe alama mkiwa mmesimama hapo.

Na dizeli yenyewe je? Iliyonunuliwa kwenye mtungi kando ya barabara yaweza kuwa na maji, au imechanganywa na mafuta taa. Uchanganyaji huo ulienea sana hapa Kenya mpaka serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018, ili faida ya kuchanganya ipungue. Mafuta taa hayana ule ulaini wa kulainisha pampu, na pampu ya dizeli ni kitu cha bei. Maji nayo hukaa chini ya filta. Fungueni ile skrubu ya chini asubuhi kabla gari halijatikiswa, mkinge kwenye chupa safi, mtazame. Yakiwepo mtayaona chini ya dizeli.

Hayo yote yakiwa sawa na moshi mweupe bado unatoka dakika tano au kumi, na gari ni gumu kuwasha hata mchana, ndipo kompresheni inashukiwa. Hapo bado si ovahoo. Kwanza fundi apime nafasi za valvu, kwa sababu valvu iliyobana haifungi vizuri na hewa inavuja. Kuirekebisha ni kazi ya nusu siku. Halafu apime kompresheni kwa geji ya dizeli, silinda zote nne, na katibu aandike namba nne kwenye daftari. Namba tatu zikikaribiana na moja ikiwa chini sana, shida iko kwenye silinda moja. Zote zikiwa chini, injini imechoka kweli. Fundi anayesema ovahoo bila kuonyesha namba hizo nne, mshukuruni kwa muda wake, mtafute mwingine.

Mvuke usioisha

Ikiwa karatasi ilionyesha maji, na mvuke unaendelea hata baada ya injini kupata joto, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, kuna uwezekano hedi gasketi imeungua au silinda hedi imepasuka. Fungueni rejeta injini ikiwa baridi, washeni, mtazame ndani kwa dakika moja mkiwa mmesimama mbali kidogo. Mapovu yanayokuja mfululizo ni hewa ya silinda inayoingia kwenye maji. Tazameni na kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gari lisiwashwe tena. Ila povu jeupe kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake, kwa gari linalokwenda safari fupi fupi huko kwenye baridi, mara nyingi ni unyevu tu.

Jambo moja hapa ni la haraka. Asubuhi mkipiga stata na injini inagonga mara moja na kukwama kama imepiga ukuta, acheni hapo hapo. Yaweza kuwa maji yamejaa kwenye silinda usiku. Maji hayabanwi. Mkilazimisha, au mkisukuma gari likiwa na gia, mkono wa pistoni utapinda, na hapo hasara itakuwa kubwa kuliko ya gasketi mara nyingi.

Moshi wa bluu

Bluu ni oili inayoungua. Harufu yake ni ya mafuta ya zamani yaliyomwagika kwenye chuma cha moto, haiumi macho kama ile nyeupe. Na hapa ndipo muda unapookoa pesa.

Bluu inayotoka kwa wingi mara tu gari linapowaka, halafu inaisha baada ya sekunde kumi au ishirini na hairudi siku nzima, kwa kawaida ni valvu sili. Vijimpira hivyo vikikauka, oili hudondoka polepole usiku kupitia kwenye valvu, na asubuhi inaungua yote mara moja. Gari hilo linaweza kutumika miezi mingi mkiwa mnaangalia oili kila wiki, na kubadilisha sili hizo hakuhitaji kufungua injini nzima.

Bluu isiyoisha, na inayoongezeka gari likipanda mlima na mzigo, ni ya ringi na silinda. Hakikisheni hivi: injini ikiwa na joto na inanguruma taratibu, fungueni kifuniko cha oili kwa juu. Upepo mdogo ni kawaida. Moshi ukipuliza kwa nguvu kama sufuria inayochemka, hewa ya silinda inapita kando ya ringi. Ovahoo hapo ina haki yake. Gari lenye tabo lichunguzwe tabo kwanza, maana nayo ikichoka inapitisha oili.

Lakini kabla ya yote, tazameni kama dereva hakujaza oili kupita alama ya juu. Wengi hufikiri kuzidisha ni kuihurumia injini.

Moshi mweusi

Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Pafu moja jeusi wakati wa kuwasha ni kawaida kwa pampu za zamani, kwa sababu pampu huongeza dizeli wakati wa kuanza. Ukiendelea, fungueni ea klina. Kwa barabara zetu za vumbi, filta ya hewa iliyoziba ndiyo tunayoikuta mara nyingi, na kuna siku tumekuta kiota cha panya kwenye bomba la kuvutia hewa. Baada ya hapo ni nozeli, halafu pampu iliyofunguliwa zaidi na mtu aliyetaka gari liwe na nguvu. Hiyo skrubu ya pampu iguswe na fundi wa pampu tu, mwenye mashine ya kuipimia.

Mambo ambayo yameumiza watu

Kuna tabia ya kuloweka kitambaa kwa petroli na kukiweka kwenye mdomo wa kuvutia hewa ili gari liwake. Wengine wanapuliza dawa ya mkebe ya kuwashia. Kwa injini yenye hita plagi, ile hewa ya petroli inakutana na plagi nyekundu kabla ya wakati wake na kulipuka. Ringi zinavunjika, pistoni zinapasuka, na moto umewahi kumrudia mtu usoni. Kama hita zimekufa, zinunuliwe.

Fundi akilegeza nati za paipu za nozeli ili kujua ni silinda gani haifanyi kazi, watoto na watazamaji wasogee mbali, na yeye mwenyewe asikinge kwa kidole. Dizeli hapo inatoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Kidonda chake kinaonekana kidogo kama kuchomwa na sindano, lakini mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu.

Wala msipashe injini moto ndani ya banda lililofungwa. Mwaka wa 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pikapu isukumwe nje kwanza. Na isiachwe ikinguruma nusu saa ati inapata joto. Dakika moja inatosha, halafu iondoke polepole bila kukanyagwa. Ikikaa baridi ikinguruma, dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Mkienda kununua

Haya yote yanasaidia zaidi kabla pesa hazijatoka benki. Muuzaji anayejua gari lake lina moshi ataliwasha saa kumi na mbili, na nyinyi mkifika saa tatu litawaka kama jipya. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabla ya kusalimiana sana ni kuweka kiganja kwenye boneti, halafu kwenye rejeta. Zikiwa na joto, mwambieni mtarudi kesho asubuhi, na kwamba gari lisiwashwe mpaka mfike. Mwenye gari zuri hatakataa. Akiuliza kwa nini, mwambieni ndivyo kikundi kilivyokubaliana kwenye mkutano.

Kama gari liko mbali, Nakuru au Nairobi, kikundi kilipe nauli na malazi ya wanachama wawili, walale huko, mmoja akiwa yule anayejua injini kidogo. Wafike kukiwa bado na umande kwenye vioo, wafungue boneti wenyewe, wabebe karatasi nyeupe, taa ya kupimia na daftari, na wasitoe hata shilingi ya kushikilia mpaka injini iwake mbele yao na moshi uishe wakiwa wanahesabu.